Kitambi Hanywi Maji Kipupwe

Niliambiwa nisimpe maji. Hilo nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akanitetea, akasema masikini bibi wa watu hakujua. Nilijua. Niliambiwa kwa mdomo, nikaambiwa kwa simu, na mara ya tatu nikaandikiwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza, nikaibandika mwenyewe ukutani juu ya meza: USIMWAGILIE MPAKA MWEZI WA TISA. Kila asubuhi niliisoma. Nikishaisoma, nilichota kikombe.

Mimi ni Julia, lakini hapa Mkunya ukiulizia Julia watu watakuzungusha mpaka miguu iote sugu. Ulizia kwa Mama Oliva. Oliva mwanangu alifariki mwezi wa tatu, katikati ya Kwaresima, na watu bado wananiita vilevile. Waniiteje kingine? Mtoto nilikuwa naye mmoja.

Kitambi ulikuwa mti wake. Ni ile miti ya maua wanayoiita waridi la jangwani, ambayo shina lake limevimba chini likatokeza juu ya udongo, halafu juu vimikono vifupi. Siku ya kwanza kuuona, barazani kwa mwanangu kule Lulindi, nilimwuliza, "Na huyu diwani umemtoa wapi?" Oliva alicheka mpaka akashika mlango. Tangu siku hiyo mti ukawa Kitambi, na ukawa mtu. Hata mkwe wangu Nathanaeli, mtu asiyejua utani kabisa, akirudi shamba alikuwa akiuliza, "Kitambi kashindaje?"

Mbegu alipewa na mwalimu mwenzake, Stamili. Hao wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa mimea minene inayoweka maji ndani ya mwili wake. Mishubiri kwenye makopo ya rangi, madungusi kwenye vikombe vilivyokatika mikono, ukifika pale barazani unakosa pa kukalia. Nilikuwa nikiwaambia, "Walimu wazima, mnapanda miiba!" Wananicheka. Lakini Kitambi ndiye aliyekuwa na kiti chake. Oliva alimlea miaka mitano toka mbegu. Alimfuta vumbi kwa kitambaa, alimsogeza kivulini jua likizidi, akamrudisha. Yeye na Nathanaeli walikaa kwenye ndoa miaka tisa bila kujaliwa mtoto. Sisemi kwamba Kitambi alikuwa mtoto, msinifanye mwendawazimu. Nasema tu kwamba mwanangu hakuacha kingine kilicho hai.

Na katika miaka yote hiyo mitano Kitambi hakuwahi kutoa ua. Krismasi iliyopita Oliva alimbonyeza tumbo kwa kidole gumba, akasikiliza kama daktari, akaniambia, "Mama, mwaka huu anatoa. Kipupwe kikiisha tu, utaniambia." Hakukiona hicho kipupwe.

Tulipomaliza arobaini, wazee wa kanisa wakakubaliana na Nathanaeli kwamba msalaba usimikwe Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Nathanaeli akasema siku hiyo Kitambi apandwe pale miguuni pa kaburi, na kama Mungu akijalia atakuwa na ua. Watu wote wakaitikia. Sasa swali likawa, mpaka siku hiyo akae na nani? Mwenyewe Nathanaeli hakuweza, maana kipupwe ndicho kipindi cha kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Anashinda mashambani, akirudi ni wa njano toka kichwani mpaka viatu, na vumbi lile linatua juu ya kila kitu ndani ya nyumba. Stamili akanyoosha mkono taratibu, kama yuko kwenye kikao cha walimu.

"Shikamoo, mama," akaanza tena kuniamkia, japo asubuhi alishaniamkia. "Naomba nikae naye mimi. Huko kwenu juu ni baridi. Ule ukungu hautamfaa."

Sikuitikia marahaba. Nilimwambia, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ulimzaa?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Nathanaeli alikuwa anatazama mikeka, maana kwetu mkwe habishani na mama mkwe, hata mama mkwe akisema jua linachomoza usiku. Nilikuwa na roho mbaya siku ile, nakiri. Nilitaka kitu cha mwanangu, na zaidi nilitaka mwingine asikipate. Stamili alilia chozi moja, akalifuta kwa mtandio, kisha akanifuata mpaka kwenye gari kunifundisha. Mtu niliyemvunjia heshima mbele ya watu, akaninong'oneza kwa upole dirishani:

"Baridi ikianza atapukutisha majani yote, mama. Usiogope. Amelala, hajafa. Na akilala hanywi. Ukimpa maji kwenye baridi hayana pa kwenda, yanakaa chini, mizizi inaoza. Mweke ndani, pakavu, apate jua la mchana kidogo. Joto likirudi utaona vichipukizi. Hapo ndipo umpe."

"Nimesikia," nikasema.

Nathanaeli alimpakia Kitambi mwenyewe, akamfunga mkanda wa kiti. Mimi nikamshikilia njia nzima mpaka tukapandisha mlima.

Mwezi wa tano tulikaa vizuri. Nilimweka sebuleni karibu na dirisha, nikampa salamu asubuhi, nikamfuta vumbi. Halafu kipupwe kikaingia. Kipupwe cha huku kwetu hakina mchezo. Ukungu unapanda kutoka bondeni, saa tatu ya asubuhi huoni mkorosho wa jirani, unasikia tu mtu anakohoa huko ndani. Watu wanavaa makoti ya mitumba, moto wa jikoni hauzimwi. Wiki ya pili Kitambi akageuka manjano. Wiki ya tatu akapukutisha. Nilikuwa nikiokota majani yale moja moja sakafuni, laini, baridi, nayaweka kwenye sahani, sijui nayawekea nini. Mwisho akabaki tumbo na vimikono vitupu. Ngozi yake ikaanza kufanya makunyanzi.

Mimi macho yangu yanajua makunyanzi ya kiu. Nyinyi wa mabombani hamnielewi, ngojeni niwaeleze.

Huku juu, enzi zangu, maji yalikuwa bondeni. Jogoo la kwanza tunashuka, wanawake na wasichana, kwa njia ya mawe, tunafika kisimani tunapanga foleni, tunachota kwa kata kama tunachota dhahabu, kisha tunapanda na mtungi kichwani, jua limeshakolea. Safari moja, mtungi mmoja, nyumba nzima. Uso tulinawa kwa kiganja. Maji ya kunawa mikono yalimwagiwa kuku. Lakini mgonjwa na mtoto hawakupimiwa. Wewe uliyebeba unaweza kukaa na kiu mpaka kesho, mgonjwa akisema maji, anapewa. Mama yangu alikuwa akisema, mtu mnyime ugali, mnyime na chumvi, maji usimnyime, kwa sababu aliyekufa na kiu anakuwa bado anakudai. Nilinyonya maneno hayo pamoja na maziwa. Kwetu mtu akitaka kusema mwanamke fulani ni katili, hasemi anapiga watoto. Anasema, huyo mtungi wake una kifuniko.

Sasa nisikilizeni habari ya hospitali, niimalize, maana sipendi kuirudia.

Oliva aliumwa tumbo usiku, asubuhi tukamfikisha hospitalini, daktari akasema utumbo umejisokota, lazima apasuliwe leo hii. Nathanaeli akakimbizana na watu wa kutoa damu. Mimi nikabaki kitandani pake. Muuguzi, binti mpole tu, akaniambia, "Mama, asinywe kitu. Hata tone. Akinywa, wakimpa dawa ya usingizi anaweza kutapika yakaingia kwenye mapafu." Nikasema sawa. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa ya maji ya dukani, ya nusu lita, niliyonunua pale getini.

Oliva aliiona. "Mama, maji."

"Subiri, mwanangu."

"Mama, kidogo tu. Ya kulowesha mdomo."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mwalimu mzima, miaka thelathini na sita, ananiomba kwa sauti ileile aliyokuwa nayo akiwa mtoto, nami nina maji mapajani. Nikaichukua ile chupa nikaizamisha chini ya kanga ndani ya mkoba, nikafunga zipu. Naye akaniona nafunga zipu. Alinitazama. Hakuniomba tena.

Wakamwingiza chumba cha upasuaji saa saba. Saa tisa na nusu daktari akatoka, akavua kofia, nikajua. Utumbo ulikuwa umeshakufa sehemu kubwa, akasema, tulichelewa. Mimi nilisikia neno moja tu, kwamba mwanangu amekufa na kiu, na mtungi wa mama yake una kifuniko.

Chupa ile sikuifungua. Ilirudi nami nyumbani, ikakaa kabatini kati ya sahani za wageni.

Basi mnadhani ningeweza? Asubuhi moja mwezi wa sita, ukungu umejaa mpaka dirishani, nimekaa na chai yangu, Kitambi yupo mbele yangu na makunyanzi yake, kimya, hasemi kitu. Heri angesema. Nikainuka nikachota kikombe kwenye ndoo. Nikasoma ile karatasi. Nikasema kwa sauti, "Stamili, wewe ni msomi, lakini hukuwepo." Nikammwagia. Udongo ulikuwa mkavu kweli, ulikunywa ukatoa na kisauti. Nililia, nikakaa chini pale pale sakafuni, lakini kilikuwa kilio kizuri, cha kupumua.

Kesho yake nikampa tena. Keshokutwa tena. Ikawa ndiyo sala yangu ya asubuhi. Nilikuwa nikisema, "Kunywa, Oliva," sijifichi, ndivyo nilivyokuwa nikisema. Na niwaambie ukweli, nilikuwa na raha. Toka mwezi wa tatu sikuwa nimelala usingizi wa maana, sasa nikawa nalala. Hata majirani wakasema Mama Oliva amepata rangi. Na Kitambi naye makunyanzi yakanyooka, tumbo likajaa, likang'aa. Nikajipigia makofi. Nikasema, mnaona? Watu wanasoma vitabu vya watu wa jangwani, mama anasoma mtoto.

Stamili alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. "Shikamoo mama. Kitambi hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, amelala."

"Hujampa maji?"

"Nimpe maji mimi nina wazimu?"

Ananishukuru, ananiombea dua, anakata simu. Nami nachota kikombe.

Mwezi wa nane ukungu ulianza kupungua, mikorosho ikatoa maua, harufu yake ikaingia mpaka ndani. Chini ya harufu ile nikaanza kusikia nyingine, ya kitu kama muhogo uliosahauliwa kwenye maji. Nikafagia, nikapiga deki, nikatoa ndoo nje, nikamsingizia panya. Kitambi alikuwa ameegemea upande kidogo. Nikamkingia na jiwe. Nilijua? Sijui. Kuna kujua ambako mtu anakuwekea jiwe.

Jumamosi ya tatu ya mwezi huo, mchana, Stamili akaja bila kupiga simu. Alikuwa amepita Newala mjini kwa shughuli zake, akasema asipite bila kunisalimia. Akaingia na mkate na sukari, akaniamkia, nikaitikia. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, pua yake ilishaelewa kabla ya macho. Akaenda dirishani, akaondoa jiwe langu, akambonyeza Kitambi tumboni kwa kidole gumba, vilevile alivyokuwa akibonyeza Oliva.

Kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. Maji ya kahawia yakatoka.

"Mama," akasema.

"Ni baridi hiyo. Ulisema mwenyewe baridi."

"Mama. Baridi haileti maji."

Nikampandishia. Mnanijua. Nilimwambia asije nyumbani kwangu kunikagua, mimi si mwanafunzi wake. Nikamwambia hata huo mti wenyewe ni mbegu zake za uchawi, toka uingie nyumba ile mwanangu hakuzaa. Nilisema hivyo! Mungu anisamehe. Yeye amesimama tu, kidole kinachuruzika. Nilipoishiwa maneno mabaya, yakabaki yale niliyokuwa nayo, na hayo yakatoka yenyewe. Nikamwambia habari ya muuguzi. Nikamwambia midomo. Nikafungua kabati nikamwonyesha chupa. Nikamwambia, "Aliniomba mara mbili nikafunga zipu. Sasa unaniambia nikae miezi mitatu namtazama mwingine anakauka? Nilishindwa, Stamili. Si kwamba nilisahau. Nilishindwa."

Nilikuwa sijamwambia mtu. Hata Nathanaeli hajui mpaka leo.

Stamili alinawa mkono kwenye beseni, akaja akakaa chini, mkekani, miguuni pangu.

"Mama, hata mimi ningekuwepo siku ile ningekushika mkono usimpe. Alikufa kwa utumbo. Hakufa kwa kiu."

Maneno mazuri. Sikuyaamini siku ile, na leo kuna siku nayaamini na kuna siku siyaamini. Lakini niliona kwamba analia, na kwamba analia kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mti.

Kisha akaomba kisu. Akakinoa kwenye ukingo wa jiwe, akakipitisha kwenye moto, akaanza kukata. Alikata tumbo lote, ndani uji mtupu. Akapanda juu, anakata kipande, anatazama, kina doa la kahawia, anatupa. Mkono wa kwanza, doa. Wa pili, doa. Wa tatu, doa. Nilikuwa nimemshikia beseni, na kila kikianguka moyo wangu unaanguka nacho. Mkono wa mwisho, ule mdogo wa upande wa dirishani, ulipokatwa ulikuwa mweupe ndani, safi, unatoa utomvu. Urefu wake hauzidi shubiri.

"Huyu mzima," akasema. "Sasa huyu hawekwi hata kwenye udongo. Anakaa kivulini siku kumi kidonda kikauke. Halafu mchanga mkavu. Halafu anasubiri tena. Ukimpa tone moja kabla hajatoa mizizi, ndiyo basi, mama. Hakuna mwingine."

Akaanza kumviringisha kwenye gazeti, anamtia kwenye mkoba wake. Ni haki yake. Mtu yeyote mwenye akili angempa. Nilimtazama mpaka alipofika mlangoni.

"Niachie," nikasema.

Hakugeuka upesi. "Mama, sikio la kufa halisikii dawa."

"Najua."

Akanitazama muda mrefu, mwalimu anavyomtazama mtoto aliyefeli mara mbili. Kisha akatoa lile gazeti akaliweka mezani, chini ya karatasi yake ya ukutani. "Hili sikio lako nadhani bado halijafa," akasema, akaenda zake kutafuta usafiri.

Siku kumi kivulini. Kisha nikachukua kopo la maziwa, nikalitoboa chini kwa msumari, nikajaza mchanga niliouanika juani, nikamchomeka. Makunyanzi yakaja, kama yalivyokuja kwa baba yake. Kila asubuhi nilikaa naye. Kikombe nilikipeleka jikoni nisikione. Halafu nikajua kukificha kikombe ni zipu tena, nikakirudisha mezani.

Nikatoa na ile chupa kabatini, nikaiweka hapo hapo. Nikakaa mbele yake na maji, macho kwa macho, nikamwambia: siwezi kukupa. Nayaona unayaona. Siwezi. Nipo hapa.

Na hapo, siku ya tatu au ya nne ya kusema hivyo, ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikumwambia Stamili. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa nimekifukia hata mimi mwenyewe.

Nilipofunga ile zipu, Oliva akanitazama, mimi sikuweza kuyavumilia yale macho. Nilisema naenda kumtafuta Nathanaeli. Uongo. Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi nyuma ya wodi, upande wa kufulia nguo, nikatazama mashuka yanaanikwa. Niliporudi, kitanda kilikuwa kitupu, wameshampeleka. Sikumshika mkono. Sikumwambia, vumilia, mama yako yupo. Miezi yote nilijilaumu kwa maji. Maji yalikuwa sawa, maji ni amri ya daktari. Nilimkimbia. Hicho ndicho nilichokifanya, na mti wa watu nimeuozesha ili nisikijue.

Jumamosi ya msalaba nikateremka Lulindi na kopo langu mapajani. Nathanaeli alinipokea kwenye gari, amevaa suti ya harusi yao, imempwaya. Akachungulia nyuma ya kiti.

"Kitambi yuko wapi, mama?"

"Nimemwua, mkwe wangu. Nilimpa maji. Kilichobaki ni hiki."

Mkwe habishani na mama mkwe. Aligeuza uso akatazama mikorosho, mabega yakapanda yakashuka. Nilitamani anitukane. Kisha akanipokea lile kopo, kijiti kisicho na jani wala ua, akalikumbatia ubavuni, akalishika hivyo ibada nzima. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu anauliza mwenzake, "Ndiyo lile ua lenyewe?" Nikaacha. Siku nyingine ningemjibu.

Msalaba ukasimikwa. Padri akazunguka na maji ya baraka, ananyunyiza kaburi, ananyunyiza watu, akaja upande wa Nathanaeli. Nilivua kanga ya mabegani nikaruka, nikalifunika kopo zima kwa mikono miwili. Padri akasita na kinyunyizio chake hewani. Watu wakaguna, maana huku kwetu nani anakinga baraka? Ni Stamili tu, kule nyuma na mtandio wake, aliyeinamisha kichwa.

"Bado, padri," nikasema. "Huyu bado."

Watu walipoanza kuondoka kwenda kula, Nathanaeli akalichimbia kopo kivulini mwa msalaba, mchanga wake mle mle, nami nikamwambia wanipishe. Nikakaa chini. Nikafungua mkoba, nikafungua zipu, nikatoa ile chupa ya nusu lita. Kizibo kilikuwa kigumu, miezi sita. Kilipokatika kikatoa mlio mdogo. Nikamwaga upande wa kichwani, mbali na kopo, pole pole, mpaka tone la mwisho, udongo unakunywa.

"Haya, mwanangu," nikasema. "Sasa unaruhusiwa."

Nathanaeli alikuja kuniita, wali unapoa. Akaja mara ya pili, akasema jua kali, mama, twende ukumbini. Nikamwambia watangulie. Nikamwambia safari hii sitoki.